Kumiliki nyumba Machakos: Gharama ya Ekalakala si ya Athi River

MWENYE nyumba Ekalakala, eneobunge la Masinga, na mwenzake wa Athi River wote ni wakazi wa Kaunti ya Machakos. Hata hivyo, wanachogharimika ili kumiliki makao hakifanani.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 209, ilizipa kaunti zote 47 mamlaka ya kutoza kodi ya ardhi. Nchini Marekani mwenye nyumba hutozwa kwa thamani ya ardhi pamoja na jengo. Kenya, kwa desturi, hukadiria ardhi pekee, hata kama juu yake pamejengwa ghorofa. Kodi hiyo huwaelemea wenye ploti za mijini, ilhali mwenye shamba kijijini kwa kawaida hadaiwi chochote kila mwaka.

Lakini mkazi wa Ekalakala hajaponea. Gharama yake humngoja katika stakabadhi.

Anayenunua shamba sharti apate idhini ya bodi ya ardhi, na ombi lapasa kuwasilishwa katika muda wa miezi sita tangu mkataba kutiwa saini, la sivyo mkataba hubatilika. Kuna mpima ardhi na wakili wa kulipwa. Kisha kuna ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 2 ya thamani mashambani na asilimia 4 mijini. Tuseme shamba limenunuliwa kwa Sh400,000: ushuru ni Sh8,000. Ploti ya mjini ya Sh2 milioni hutozwa Sh80,000.

Mzigo mzito zaidi hauandikwi katika orodha yoyote ya ada. Ni pale hatimiliki inapokuwa ingali katika jina la babu aliyefariki. Wana na wajukuu wamejenga, kila mmoja upande wake, lakini hakuna anayeweza kugawa ardhi hiyo kisheria, kuiuza wala kuiweka rehani hadi kesi ya urithi ikamilike kortini. Familia nyingi huahirisha kesi hiyo kwa kuhofia gharama, na kila mzee anapofariki warithi huongezeka na kazi ikazidi kuwa ngumu.

Bila hatimiliki benki haikopeshi. Hata walio nayo ni wachache wanaokopa: mikopo ya nyumba nchini kote ni takriban 30,000 tu. Ndiyo sababu nyumba ya kijijini hujengwa kwa akiba, chama na sacco. Mwaka huu msingi, mwaka ujao mabati. Saruji hutengenezwa Athi River, ndani ya kaunti hiyo hiyo, lakini nauli ya lori huipandisha bei. Mwalimu anayejijengea hivyo bado hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba za gharama nafuu, chini ya sheria iliyotiwa saini Machi 2024.

Huko Athi River, Oktoba 2023, nyumba nyingi zilibomolewa katika ardhi ambayo korti iliamua ni mali ya kampuni ya East African Portland Cement. Wengi wa waliobomolewa walisema walikuwa wamenunua ploti hizo. Sajili ya ardhi hupekuliwa kwa ada ndogo katika afisi ya ardhi, kabla ya muuzaji kupewa hata shilingi moja.