Mboga Yako Ina Saa Yake: Wakati wa Kumwagilia, Kuchuma na Kupika



Pita sokoni saa saba mchana uangalie mafungu ya mchicha (wengi wetu tunauita lengalenga, na wenyeji wa Uganda wanauita dodo). Yale yaliyokuwa yamesimama asubuhi sasa yamelala juu ya gunia. Muuzaji anayanyunyizia maji na mnunuzi anaomba apunguziwe bei. Mtoto atakayelishwa mboga hiyo usiku atapata vitamini pungufu kuliko zilizokuwamo asubuhi.

Jambo hili linatuhusu sana. Iwe unapokea chakula au fedha, mara nyingi mboga za majani hazimo kwenye mgao. Lakini majani hayo ndiyo yenye madini ya chuma, foleti, vitamini A na vitamini C, ambazo mama mjamzito na mtoto mdogo wanazihitaji ili kujikinga na upungufu wa damu na magonjwa. Ikiwa una gunia moja tu la mboga mlangoni, ni vizuri kila jani likufae. Ili likufae, ujue kwanza jinsi jani linavyoishi mchana na usiku.

Mchana jani linapika, usiku linakula

Jua linapochomoza, jani hufungua vitundu vidogo sana ambavyo jicho haliwezi kuviona. Wataalamu huviita stomata. Kwa vitundu hivyo jani huvuta hewa ya kabonidayoksaidi. Kwa nguvu ya mwanga wa jua, jani huunganisha hewa hiyo na maji yaliyopanda kutoka mizizini, likatengeneza sukari. Sehemu ya sukari hutumika papo hapo, na sehemu nyingine huwekwa akiba ndani ya jani kama wanga.

Usiku hakuna mwanga, kwa hiyo jani haliwezi kutengeneza sukari. Ndipo linapotumia ile akiba ya wanga ili mmea uendelee kupumua na kukua. Mwaka 2010 watafiti wa John Innes Centre, Uingereza, walieleza jambo la ajabu kuhusu mmea mdogo wa jamii ya kabichi: mmea huo hupima akiba yake ili iishe karibu na alfajiri, wala si kabla. Ni kama mama anayegawa posho kidogo kidogo ili ifike siku ya mgao ujao. Giza likiingia mapema kuliko kawaida, mmea hupunguza kasi ya kula ili akiba itoshe.

Mmea unajuaje saa? Ndani ya chembe zake kuna saa ya asili inayozunguka kwa muda wa karibu saa 24. Mwaka 1729 Mfaransa Jean-Jacques d'Ortous de Mairan aliweka gizani mmea wa jamii ya kifauwongo, akaona majani yake yanaendelea kufunguka na kujikunja kwa zamu zake bila kuona jua. Mwanga wa kila asubuhi husaidia saa hiyo isipotee majira. Sisi Waswahili nasi tunaanza kuhesabu saa moja baada ya jua kuchomoza, hivyo saa yetu na ya mboga zinakaribiana.

Mboga ikoje asubuhi, mchana na jioni?

*Alfajiri hadi saa mbili.* Usiku mizizi imeendelea kuvuta maji wakati jani halipotezi mengi. Kwa hiyo asubuhi jani limejaa maji, ni gumu na halinyauki upesi. Lakini akiba yake ya sukari na wanga iko chini.

*Saa sita hadi saa tisa mchana.* Jua ni kali, na maji yanatoka kwenye majani haraka kuliko mizizi inavyoweza kuyaleta. Mmea ukizidiwa hufunga vitundu vyake na majani hulegea. Mboga ikichumwa saa hizi huanza safari ikiwa tayari na kiu.

*Saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni.* Jua limepungua, na jani limemaliza kazi ya siku nzima, hivyo lina sukari na wanga zaidi. Tena, mwanga husaidia jani kugeuza naitreti, ambazo mizizi huzivuta kutoka kwenye udongo na mbolea, ziwe protini. Kwa sababu hiyo mboga ya jioni kwa kawaida ina naitreti chache kuliko ya alfajiri.

Kwa nini mchicha unatoa maua mapema?

Wengi hulalamika kwamba mchicha wao umetoa maua kabla hawajala vya kutosha. Aina nyingi za mchicha hupima urefu wa usiku. Usiku ukiwa mrefu wa kutosha, mmea hupata ishara ya kutoa maua. Kwetu hapa karibu na mstari wa ikweta, usiku huwa na saa 12 hivi mwaka mzima, kwa hiyo ishara hiyo haikosekani. Kiu nayo huharakisha maua. Mmea ukishatoa maua, majani mapya huwa madogo na magumu. Dawa yake ni kukata ncha mapema ili matawi mapya yachipuke, na kupanda mbegu kidogo kila baada ya wiki mbili au tatu badala ya kuzimwaga zote siku moja.

Ufanye nini?

1. Mwagilia asubuhi na mapema, kwenye udongo wa shina. Maji yatakuwepo mmea unapoyahitaji, na majani yatakauka mapema, maana majani yanayolala na unyevu hupata ukungu kwa urahisi. Ikiwa zamu yako ya bomba ni jioni, mwagilia jioni, ila usiloweshe majani.

2. Hamishia miche jioni. Itapata usiku mzima wa kushika udongo kabla ya kukutana na jua.

3. Mboga ya kupika leo, ichume jioni, karibu na wakati wa kuwasha moto.

4. Mboga ya kuuza au ya kusafirisha, ichume alfajiri. Iweke kivulini, uifunike kwa kitambaa safi chenye unyevu. Usiipange juani.

5. Usichume mchana wa jua kali. Jani lililochumwa bado liko hai na linaendelea kupumua, na joto linaharakisha upotevu wa vitamini C.

6. Osha majani kwa maji safi kabla ya kuyakata. Yapike kwa maji machache na kwa muda mfupi, ukiongeza mafuta kidogo ili mwili upokee vitamini A. Kula pamoja na nyanya au ndimu ili upokee madini ya chuma vizuri. Chai usinywe pamoja na chakula. Subiri saa moja au zaidi.

7. Ukitaka kukausha mboga kwa ajili ya kiangazi, zikaushe kivulini penye upepo. Jua la moja kwa moja huharibu vitamini A.

Tahadhari

Sombe ina sumu ya asili ambayo haiondoki kwa kuchagua saa ya kuchuma. Ni lazima itwangwe vizuri na kuchemshwa kwa muda mrefu, chungu kikiwa wazi. Ile kanuni ya kupika kwa muda mfupi haihusu sombe.

Mboga iliyopikwa isilale nje hadi kesho na kupewa mtoto. Vijidudu huzaliana humo, na hugeuza naitreti kuwa kitu chenye madhara kwa watoto wadogo.

Mtoto wa chini ya miezi sita anyonye maziwa ya mama tu. Akitimiza miezi sita, mwanzishie mboga iliyopondwa laini, pamoja na uji au maharage, huku akiendelea kunyonya.

Usimwagilie mboga kwa maji ya mtaro wa choo. Maji ya kunawia yanaweza kutumika kwenye udongo tu, bila kugusa majani.

Mboga husaidia kuzuia upungufu wa damu, lakini haichukui nafasi ya vidonge vya madini ya chuma unavyopewa kliniki. Mama mjamzito aendelee kuvimeza. Ukiona mtoto amepauka viganja, amechoka au anahema haraka, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Jioni ya leo, kabla ya kuwasha moto, chuma majani machache kwenye gunia lako na uyapike papo hapo. Kwa maswali zaidi, muone mhudumu wa afya wa bloku yako.