Ramani ya Wilford na Chimbuko la Mto Naili: Majina ya Mahali na Nadharia ya Elimu Iliyopotea

1. Utangulizi

Ramani kongwe huvutia hasa pale zinapoonekana kujua mambo ambayo watu wa zama zake hawakutazamiwa kuyajua. Mwaka 1966 Charles Hapgood, mwalimu wa chuo huko Marekani, alitoa kitabu kilichodai kwamba ramani iliyochorwa na Piri Reis, nahodha wa dola ya Kiothmani, mwaka 1513, inaonyesha pwani ya Antaktika kabla haijafunikwa na barafu. Na kwamba elimu hiyo ilirithiwa kutoka katika ustaarabu uliokwisha kutoweka. Lakini Piri Reis mwenyewe aliandika juu ya ramani hiyo, kwa Kituruki, kwamba aliitunga kutokana na ramani zipatazo 20, zikiwemo za Wareno na moja ya Columbus. Maelezo ya asili yake yalikuwamo katika ramani yenyewe, yakimngoja msomaji anayeijua lugha.

Afrika ya Mashariki nayo iliwahi kuingizwa katika nadharia ya namna hiyo. Kisa chake kinastahili kuchunguzwa na wanaisimu, kwa kuwa hoja iliyotumiwa kuijenga nadharia hiyo ilikuwa hoja ya majina.

2. Karatasi ya Unguja

Mwaka 1860 John Hanning Speke alikuwa Unguja akijitayarisha kwa safari yake ya pili ya kutafuta chimbuko la mto Naili. Balozi wa Uingereza, Rigby, alimpa makala yenye ramani, iliyoandikwa na Francis Wilford, afisa wa jeshi la Kampuni ya Uingereza ya Uhindi, na kuchapishwa katika jarida la chama cha wanazuoni wa Calcutta katika miaka ya 1790. Wilford alidai kuwa aliyatoa maelezo yake katika Purana, yaani vitabu vya kale vya Wahindu vilivyoandikwa kwa Kisanskriti. Katika ramani hiyo Naili hutoka katika ziwa liitwalo Amara, na karibu yake pana nchi iitwayo Chandristhan, yaani mahali pa mwezi.

Speke alipotoa kitabu cha safari yake mwaka 1863, aliwahimiza wasomaji waisome makala hiyo. Alitaja mambo mawili. Kwanza, Wahindu waliita chimbuko la Naili Amara, na yeye alikuwa amesikia habari za nchi yenye jina hilo kaskazini-mashariki ya ziwa Nyanza. Pili, nchi ya mwezi iliafikiana na Unyamwezi, na vilevile na Milima ya Mwezi iliyotajwa katika jiografia ya Ptolemy, mwanazuoni wa Iskanderia wa karne ya 2 B.K. Kutokana na hayo akahitimisha kwamba Wahindu wa kale lazima walikuwa na mawasiliano na nchi za Nyanza.

3. Ungamo la Wilford

Jambo ambalo halikuzingatiwa ni kwamba Wilford mwenyewe alikwisha kuikana misingi ya kazi yake. Mwaka 1805, miaka 55 kabla ya Speke kupewa karatasi ile, alitangaza katika jarida lile lile kwamba amedanganywa na pandit wake, yaani mwanachuoni wa Kihindu aliyemwajiri amtafutie vifungu. Alipokuwa akilinganisha miswada aliona kwamba kila lilipotokea jina fulani alilolitafuta, mwandiko ulitofautiana na karatasi ilikuwa na rangi nyingine, kana kwamba imetiwa doa. Uchunguzi ukabainisha ghushi za namna tatu: vifungu vilivyobadilishwa neno moja au mawili; hekaya zilizogeuzwa kwa kiasi kikubwa; na hekaya ambazo pandit aliziandika kutoka kichwani mwake.

Chanzo cha udanganyifu huo kinaeleweka kwa mtu yeyote aliyewahi kukusanya habari za lugha. Wilford alikuwa amemweleza msaidizi wake hadithi na jiografia ya kale ya Ulaya na Misri, kisha akamtaka amtafutie mambo yanayolingana nayo katika vitabu vya Kihindu. Aliyeulizwa alikwisha kulijua jibu linalotakiwa, naye akalitoa.

4. Hoja ya majina

Hata kama ghushi hiyo isingaligunduliwa, ushahidi wa majina haukutosha. Katika Kisanskriti neno amara lina maana yake kamili: asiyekufa, na kwa hiyo mungu. Ziwa Amara ni ziwa la miungu, na jina hilo halihitaji kutafutiwa asili katika nchi za Nyanza. Zaidi ya hayo, jina Amara, kwa maana ya mlima wa Uhabeshi, lilikuwa likijulikana Ulaya zamani za Wilford; mshairi Milton alilitaja pamoja na chimbuko la Naili katika utenzi wake mkubwa wa mwaka 1667.

Kuhusu Unyamwezi, maelezo yanayojulikana zaidi ni kwamba watu wa pwani ndio waliowaita hivyo watu wa bara ya magharibi, upande ambako mwezi mwandamo huonekana. Unyamwezi ni nchi ya uwanda wa juu isiyo na mlima wa theluji, ilhali milima inayotajwa katika jiografia ya Ptolemy ilisemekana kuwa na theluji iliyolisha maziwa ya Naili. Kilichoziunganisha nchi hizo ni tafsiri ya neno mwezi peke yake.

5. Elimu ambayo haikupotea

Mfano wa pili unaonyesha upande wa pili wa jambo hili. Katika miaka ya 1850 wamisionari Erhardt na Rebmann, waliokuwa pwani, walikusanya habari kutoka kwa watu wa misafara na kuchora ramani yenye bahari moja kubwa mno ya bara, yenye umbo la koa. Wengi waliicheka. Hata hivyo haikuwa ya kubuni. Wasafiri waliotoka sehemu mbalimbali za pwani walisema, kila mmoja kwa haki yake, kwamba njia yake hufika kwenye maji makuu. Yamkini majina nayo yalisaidia kuyachanganya maji hayo: nyasa ya Kiyao, nyanja ya Kichewa na nyanza ya Kisukuma ni neno moja la asili ya Kibantu, lenye maana ya ziwa. Hapa mfanano si wa sauti tu, kwani maana ni moja na lugha zenyewe ni za jamii moja. Waliohojiwa walisema kweli. Kosa lilikuwa la mchoraji aliyeyafanya maziwa matatu kuwa moja.

Speke naye alipata habari za Nyanza kutoka kwa watu waliokuwa hai. Huko Kaze, penye Tabora ya leo, mfanyabiashara Snay bin Amir aliwaeleza Burton na Speke juu ya ziwa la kaskazini lililo kubwa kuliko Tanganyika. Na mwezi wa Agosti 1858 Speke akaliona. Kwa kuwa hakujua Kiswahili wala Kiarabu, alimtegemea Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani na kupelekwa Uhindi, ambaye alizungumza naye kwa Kihindustani. Basi kama kulikuwa na lugha ya Kihindi iliyomwongoza Speke mpaka Nyanza, ilikuwa ile ya kinywani mwa Bombay, wala si ya Purana.

6. Hitimisho

Majina mawili yanayofanana hayawi ushahidi mpaka yachunguzwe katika lugha zake, ijulikane ni nani aliyeyaandika kwanza, na ni nani aliyempa habari mwandishi huyo. Ramani ya Wilford haifaulu katika mtihani huo. Madhara ya nadharia ya elimu iliyopotea si kukosea tarehe tu. Kila inapokubaliwa, sifa ya kuijua nchi huondolewa kwa wenyeji, wachukuzi, wakalimani na wafanyabiashara walioitembea, ikapewa watu wa kale wasioweza kuulizwa. Elimu ya maziwa haikupotea. Ilikuwa ikisemwa kila siku katika lugha ambazo wachoraji wa ramani walikuwa hawajajifunza.