Karai Likishika Moto, Usikimbilie Maji

Usipa wabichi kutoka Ziwa Nyasa, waliooshwa na kutiwa chumvi, hushika maji mengi kuliko jicho linavyoona. Mpishi akiwamwaga hivyo hivyo kwenye mafuta ya alizeti yaliyopata moto, maji hayo ndiyo yatakayomrushia mafuta usoni. Mafuta ya kukaangia huwa na nyuzi 170 hadi 190 za Selsiasi, ilhali maji huchemka yakifika 100. Tone la maji ni zito kuliko mafuta, kwa hiyo huzama, kisha ghafla hugeuka mvuke unaohitaji nafasi mara 1,700 hivi ya ile ya maji yenyewe. Mvuke unapofyatuka, huondoka na mafuta.

Basi kazi ya usalama inaanzia kwenye ungo. Watandaze usipa mpaka wakauke juu. Mbasa au samaki mwingine mkubwa mfute kwa kitambaa safi, hasa kwenye mashavu na ndani ya tumbo, maana huko ndiko maji hujificha. Mafuta yasifike nusu ya karai. Samaki mteremshe taratibu kutokea ukingoni, mkia ukiishia upande ulio mbali nawe, usimdondoshe kutoka juu.

Kwenye mafiga hakuna swichi ya kupunguza moto. Kuni zenyewe ndizo swichi. Kwanza hakikisha mawe yote matatu yamelishika karai lisiyumbe. Kisha weka kuni chache, na ndimi za moto zisipande ubavuni, kwa sababu mafuta kidogo yakitiririka nje hushika moto na kuurudisha juu mpaka ndani. Mafuta yakianza kutoa moshi, usisubiri. Vuta kuni papo hapo. Mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi hutoa moshi mapema zaidi, na kwa maoni yangu uchumi wa kuyatunza wiki nzima haufai.

Kabla hujawasha, weka karibu mfuniko mpana kuliko karai, au sinia la bati. Ukiniuliza ni kifaa gani cha kuzimia moto kinachohitajika kwanza katika kila nyumba, nitakujibu hicho. Moto ukiwaka ndani ya karai, usimwage maji: yatazama, yatalipuka kuwa mvuke, na mafuta yanayowaka yatarushwa hadi kwenye paa. Unga nao usiumwage, kwani unaungua. Wala usilibebe karai kulitoa nje. Najua jiko likiwa la nyasi mkono hutamani kufanya hivyo, lakini ukitembea mafuta humwagika na upepo hukugeuzia moto mwilini. Shika mfuniko kama ngao, usogeze kutokea upande wako mpaka ufunike kabisa, ndipo uvute kuni. Huna mfuniko? Kitenge cha pamba kilicholoweshwa na kukamuliwa sana, kisidondoshe hata tone, kinaweza kusaidia. Usifunue kuchungulia mpaka karai lipoe. Hewa ikiingia mapema, moto huwaka upya.

Moto ukishafika kwenye paa, acha vyombo. Toa watu wote, piga yowe, kisha pigia Zimamoto namba 114. Gari linaweza kuwa mbali, na majirani ndio watakaotangulia kufika.

Wanaohamia kwenye gesi, ambayo mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 unaihimiza, wajue kwamba gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa na hutulia sakafuni. Ukisikia harufu yake, funga mtungi, fungua mlango, usiwashe kiberiti wala taa.

Kwa aliyeungua, hapo sasa ndipo maji yana kazi. Mwagilia kidonda maji ya baridi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Vua bangili na pete kabla hajavimba, lakini nguo iliyoganda kwenye ngozi usiibandue. Dawa ya meno, asali na yai viache jikoni, na malengelenge usiyapasue. Funika kwa kitambaa safi. Akiwa mtoto, au akiwa ameungua uso, mikono au sehemu kubwa ya mwili, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo, hata kama ameacha kulia.