Kisasi cha Baba, Toba ya Mjomba

Wasomaji wa ukurasa huu watanisamehe leo nikiziacha kando tenzi na maulidi, nikaingia katika vitabu vya picha vya Kimarekani, vile ambavyo watoto wetu huvificha chini ya juzuu wakidhani hatuwaoni. Najua wako watakaouliza, mtu aliyefikia umri huu na mvi hizi anatafuta nini kwa watu wanaoruka angani na kuvaa nguo za kubana? Jibu langu ni kwamba nilikisoma kimoja kwa nia ya kukilaumu, nikakimaliza bila ya lawama, kisha nikatafuta vingine.

Habari yenyewe ni ya kundi la mashujaa waitwao Avengers. Vijana wamewajua kwa filamu, hasa ile iliyotoka 2012, lakini asili yao ni karatasi za bei rahisi zilizopigwa chapa New York mwaka 1963. Waliowabuni ni Stan Lee, mwandishi, na Jack Kirby, mchoraji. Ndani ya kundi hilo mlikuwa na Iron Man, tajiri aliyejivika chuma, Ant-Man na mwenziwe Wasp, waliojua kujipunguza wakawa kama sisimizi na nyigu, jitu la kijani liitwalo Hulk, na Thor. Huyu Thor, na Hercules aliyekuja baadaye, ni majina ya miungu ya uongo ya Wazungu wa kale. Mwislamu hahitaji kutishika nayo. Ayachukulie kama anavyochukulia majini na mazimwi katika hadithi za bibi, apite.

Jina lao Avengers maana yake ni walipiza kisasi, na hapo ndipo nilipoanza kuvutiwa. Ukisoma miaka na miaka ya habari zao, utaona kuwa hao wenye jina la kisasi ni nadra kulipiza kisasi. Mwenye kisasi hasa yuko upande wa pili.

Mwanzoni maadui wa mashujaa hawa walikuja mmoja mmoja. Huyu alizuka mwezi huu, akapigwa, akatiwa ndani, na mwezi ujao akaja mwingine. Ilipofika toleo la Machi 1964 mashujaa walimwokota baharini mtu aliyeganda ndani ya barafu, naye ni Captain America, shujaa aliyechorwa kwanza mwaka 1941, siku za vita vikuu, akionyeshwa kwenye jalada akimtandika Hitler ngumi ya taya. Alipozinduka alikuta vita vimekwisha, rafiki yake kijana Bucky amekufa, na dunia imesonga mbele bila ya yeye.

Lakini kuzinduka kwake kulimzindua na mwingine. Katika misitu ya Amerika ya Kusini alikuwa amejificha Baron Zemo, mtaalamu wa Kinazi. Zama za vita Zemo alitengeneza ulimbo mkali kuliko ulimbo wote, kitu kikishanasa hakinasuki. Captain America alilipasua pipa la ulimbo huo, nao ukammwagikia Zemo usoni akiwa amevaa barakoa ya nguo. Tangu siku hiyo barakoa haikumtoka. Alikula nayo, akalala nayo, akazeeka nayo, na kila alipojigusa uso alimgusa adui yake. Mchoraji aliyefikiri jambo hilo hakuwa mtu mjinga.

Basi katika toleo la Julai 1964 Zemo akafanya jambo ambalo wale wa kabla yake hawakulifanya: akaita wenziwe. Alimwita Black Knight, yaani Askari Mweusi, aliyeruka juu ya farasi mwenye mbawa. Akamwita Melter, aliyeweza kuyeyusha chuma. Akamwita na Radioactive Man, ambaye mwili wake ulitoa miali ya kuunguza. Kila mmoja alikwisha kupigwa na mmoja wa Avengers, na kila mmoja alikuwa na deni moyoni. Wakajiita Masters of Evil, Mabwana wa Uovu. (Na mimi hujiuliza, ni mwovu gani wa kweli ajiitaye hivyo? Waovu niliowaona mimi hujiita wafadhili.)

Wakaumwaga ule ulimbo katika njia za New York. Watu wakanasa walipo, huyu mguu, huyu mkono, na mashujaa wenyewe wakanasa. Ilitakiwa dawa ya kuunasua, na mtu pekee aliyezijua gundi kiasi hicho alikuwa mhalifu mwingine, Paste-Pot Pete, aliyekuwa amekaa zake gerezani. Mashujaa wakaenda kumwomba, naye akasaidia kwa ahadi ya kupunguziwa kifungo. Dawa ikapatikana, watu wakanasuka, na muungano ule wa kwanza ukavunjika. Nimeipenda sana fundo hii ya hadithi. Waovu walikusanyana wakamsahau mwenzao aliyeko jela. Wema ndio waliokumbuka kuwa yeye naye ana elimu.

Zemo alikufa katika toleo la Aprili 1965, akipigana na Captain America, na hakuuawa na adui yake bali na silaha yake mwenyewe iliyoporomosha mawe juu yake. Hapo ingeweza kuwa mwisho. Lakini mtu hafi na deni lake, na katika kundi lile la kwanza wawili waliacha warithi. Warithi hao ndio walionifanya nichukue kalamu.

Wa kwanza kurithiwa ni Black Knight. Mtu huyu, Nathan Garrett kwa jina la nyumbani, aliumia vibaya katika mapambano yake, na alipokuwa akikata roho alimwita mpwawe Dane Whitman. Akakiri aliyoyatenda, akamtaka kijana arekebishe alichokiharibu yeye. Kijana akachukua vazi lile lile, farasi na jina lile lile, katika matoleo ya mwisho wa 1967 na mwanzo wa 1968, ili jina lililochafuka lisafike kwa kutumiwa katika mema. Watu hawakumwamini. Mashujaa walipomwona walidhani ni yule adui yao wa zamani. Na mwaka huo huo wa 1968 kundi la waovu lilipoundwa mara ya pili, safari hii na mtu wa chuma aitwaye Ultron, likamwalika kwa kudhani vile vile. Akaitikia mwito, akaingia kati yao, lengo lake likiwa kuwaonya Avengers. Fikiria hali ya kijana huyo: kila upande unamjua kwa dhambi za mjombake.

Wa pili kurithiwa ni Zemo mwenyewe. Mwanawe, Helmut, alitokea 1973. Huyu baba hakumwachia toba, alimwachia chuki, naye akaipokea kama mtu apokeavyo shamba. Hata uso wake uliharibika kwa ulimbo ule ule wa baba.

Helmut alisubiri. Katika matoleo matano, kuanzia Novemba 1986 hadi Machi 1987, Roger Stern aliandika, na John Buscema na Tom Palmer wakachora, kisa cha kuzingirwa kwa jumba la Avengers, lililoko Fifth Avenue mjini New York. Wapenzi wengi wa vitabu hivi wanakihesabu kuwa miongoni mwa visa bora vya kundi hilo, nami sina la kuwapinga. Helmut alikusanya zaidi ya waovu 10, wengi wao wenye nguvu za kubomoa nyumba kwa ngumi. Hata hivyo hakutegemea wingi wala nguvu. Alipeleleza. Alingoja mpaka mashujaa wametawanyika, huyu huku na huyu kule, jumba limebaki na mtumishi mzee, akaingia. Walipokuwa wakirudi, alikuwa akiwapokea mmoja mmoja.

Na alipata msaada kutoka ndani, ingawa hakuulipia. Mkuu wa Avengers wakati huo alikuwa Wasp, mwanamke mdogo wa umbo na mkubwa wa busara. Hercules, pandikizi la mtu, hakupenda kuamrishwa na mwanamke. Akaenda zake kunywa. Aliporudi amelewa na Wasp akamwambia angoje, kwani hawajui ndani mna nini, hakumsikiliza, akajitoma peke yake. Wakamwangukia kundi zima, wakampiga mpaka akatolewa hajifahamu, akapelekwa hospitali. Sisi wanaume wa pwani tusomapo ukurasa ule tusiharakishe kuufunua.

Captain Marvel, mwanamke mweusi wa New Orleans ambaye uwezo wake ni kugeuka nuru, akafungiwa gizani na mmoja wa waovu aitwaye Blackout. Captain America akakamatwa akafungwa. Na Dane Whitman, yule mpwa, akakamatwa vile vile. Basi warithi wawili wakawa chini ya paa moja: mmoja amefungwa kwa minyororo, mwingine anatembea vyumbani akiamrisha. Baba wa mmoja na mjomba wa mwingine walikula njama pamoja mwaka 1964. Waandishi hawakulikokoteza jambo hili, wameliacha tu lionekane, na nadhani walifanya vizuri.

Lakini yaliyonikaa mimi moyoni ni mambo mawili madogo. Mtumishi yule mzee, Jarvis, hana nguvu za ajabu wala silaha. Kazi yake ni kufungua mlango na kuandaa chai. Waovu walimpiga mbele ya macho ya Captain America aliyefungwa, jitu liitwalo Mister Hyde likimtesa polepole, kwa kuwa Helmut alijua kuwa kumpiga Captain mwenyewe hakungemuuma hivyo. La pili, waliingia chumbani mwa Captain wakavunja vitu vyake vya zamani, ngao yake ya kwanza ikararuliwa, na picha ya marehemu mama yake ikachanwa. Vita vilipokwisha, shujaa huyo aliyepigana na majeshi alisimama na vipande vya picha mkononi akalia. Nyumba hujengwa upya. Picha ya mama wa mtu aliyelala barafuni miaka yote ile itapigwa wapi tena?

Mwisho wao waovu ulianzia ndani. Miongoni mwao alikuwamo Moonstone, mwanamke mtaalamu wa maradhi ya nafsi, aliyekuwa akitafuta njia ya kumpindua Helmut, naye Helmut akimtazama kwa pembe ya jicho. Blackout, ambaye giza lake lilikuwa ngome yao yote, alikuwa mgonjwa wa akili waliyekuwa wakimvutana kama kamba. Aliyesoma habari za Ahzab chuoni hatashangaa. Simlinganishi mtu wa karatasi na maswahaba, hasha; nasema tu kwamba kule Madina mwaka 627 makabila yalijikusanya kwa wingi nje ya handaki, na kilichowatawanya, pamoja na upepo na baridi, ni kwamba hakuna aliyemwamini mwenzake.

Wasp akakusanya aliowapata. Kule hospitalini yeye na Ant-Man, wawili wadogo kama wadudu, waliwashinda wawili wakubwa waliokuja kummaliza Hercules kitandani. Thor akaja, jumba likatwaliwa, na Helmut akaanguka kutoka paani.

Filamu nazo zimemtumia mtu huyu. Katika ile ya Captain America ya mwaka 2016 Zemo hana barakoa na hana kundi; yuko peke yake, na anachofanya ni kuwagombanisha mashujaa wenyewe kwa wenyewe. Watengenezaji wake walikuwa wameelewa somo la Hercules, ingawa binafsi nililikosa kundi.

Kwa sababu kundi lilikuwa bado na kisa kimoja, na ndicho cha ajabu kuliko vyote. Mwaka 1997 Kurt Busiek na mchoraji Mark Bagley walileta kitabu kipya cha mashujaa waitwao Thunderbolts. Avengers walikuwa wakidhaniwa wamekufa, na watu wa New York wakawapokea wageni hawa kwa shangwe. Ukurasa wa mwisho wa toleo la kwanza ukafichua kuwa wageni wenyewe ni Masters of Evil waliobadili mavazi na majina, na kiongozi wao ni Helmut Zemo. Alitaka watu wamwamini kwanza, kisha awatawale.

Asilolikadiria ni shukrani. Wale aliowakusanya walianza kuokoa watu kwa unafiki, na watu wakawashukuru kwa kweli, watoto wakawapungia mikono. Mmoja wao, binti mwenye sauti ya kuvunja mawe, hakuwahi kushukuriwa na mtu maishani mwake. Akaonja, akataka tena. Helmut alipoona nyoyo zao zinamtoka, aliifichua siri yao yeye mwenyewe, akawatangaza kwa dola kuwa ni wahalifu, ili mlango wa wema ufungwe na wasiwe na pa kwenda ila kwake. Wako waliorudi kwake kwa hofu. Wengine, na yule binti akiwamo, wakageuka wakapigana naye, huku wakijua kwamba wakimaliza kumshinda polisi watakuwa wanawangoja nje.