Nauli ya Usiku: Haki ya Abiria na Haki ya Dereva Vijijini

Ndugu msomaji, aliyezoea kupanda gari katika barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Tunduma huenda asitambue uzito wa jambo tutakalolizungumza leo. Katika barabara hiyo, inayopita Iringa, Makambako na Mbeya, mabasi na malori hayakatiki. Lakini ukishuka Uyole ukaingia ndani ya vijiji vya Rungwe, au ukiuacha mji wa Iringa ukapanda milima ya Kilolo, usafiri huwa ni wa kungojewa. Ikinyesha mvua, udongo hugeuka utelezi, na gari moja lililokuwa likija asubuhi huenda lisionekane kabisa. Hapo anayebaki ni kijana wa bodaboda, au teksi bubu ya mtu wa jirani.

Miaka michache iliyopita nilikuwa mgeni wa familia moja huko Rungwe. Usiku wa manane, mvua ikimiminika, mkamwana wa nyumba ile akashikwa na uchungu. Kijana wa bodaboda akapigiwa simu. Akataka nauli mara nne ya ile ya mchana, tena ilipwe kabla hajawasha pikipiki. Mzee wa nyumba akatoka na kurunzi, akagonga mlango mmoja baada ya mwingine kukopa. Ikapotea saa nzima. Alhamdulillahi, mama na mtoto walisalimika. Lakini asubuhi mzee yule aliniuliza swali ambalo sijalisahau: "Shehe, kijana yule alituuzia safari, au alituuzia hofu yetu wenyewe?"

Ni vyema tukawa waadilifu katika kulijibu. Kijana huyo naye ana hoja. Njia ni mbovu, usiku una hatari, na mara nyingi pikipiki si yake. Kila jioni hupeleka hesabu kwa tajiri, ama amechukua chombo kwa mkataba, na siku asipofikisha kiasi huenda akanyang'anywa. Aliyebanwa na tajiri wake ni mwepesi wa kumbana abiria wake.

Wanazuoni wa fiqhi waliandika kwa urefu juu ya ijara, yaani mkataba wa kukodi. Hawakuijua pikipiki, ila walimjua ngamia na punda. Walieleza kwamba mnyama anapokodiwa, ijulikane anakwenda wapi, anabeba nini na kwa ujira gani, kabla ya safari kuanza. Walisema pia kwamba aliyezidisha mzigo kuliko ule waliopatana, mnyama akadhurika, huyo atawajibika. Tazama basi jinsi mambo hayo yanavyoihusu bodaboda. Nauli isiyojulikana hadi mtu afikwe na dharura huzaa dhulma, kwani ridhaa ya aliyebanwa si sawa na ridhaa ya aliye huru kuchagua. Na huku kupakia mishkaki, watu watatu au wanne juu ya pikipiki moja, ni kuzidisha mzigo ambao safari hii si magunia, bali ni roho za watu. Hapa sisi wazazi nasi tunaingia lawamani, maana ni sisi tunaowapakia watoto watatu pamoja ili kuokoa nauli.

Upande wa sheria, kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji zilitungwa mwaka 2010, na tangu mwaka 2019 usafiri wa ardhini unasimamiwa na LATRA, iliyochukua nafasi ya SUMATRA. Lakini mkaguzi hawezi kusimama katika kila njia ya kijiji usiku wa manane. Atakayesimama hapo ni jamii yenyewe.

Mfano mwema upo. Mpango wa m-mama, ulioanzia Shinyanga na Sengerema kisha ukatangazwa kuenea nchi nzima mwaka 2022, umejengwa juu ya jambo jepesi. Mjamzito, mzazi au mtoto mchanga akipata dharura, hupigwa simu bila malipo kwa namba 115. Gari la wagonjwa likiwa halipatikani, huitwa dereva wa jamii aliyekwisha kusajiliwa, naye hulipwa kwa njia ya simu. Familia haigongi milango kutafuta mkopo, na dereva haogopi kudhulumiwa. Kila nyumba yenye mjamzito yafaa iiandike namba hiyo ukutani.

Lakini dharura si za uzazi pekee. Yuko mzee aliyebanwa na pumu, na yuko mkulima aliyeangukiwa na mti. Kwa hao, kijiji kinaweza kuanza na machache. Kwanza, kijiwe kiwe na daftari la madereva wenye leseni, na nakala yake iwekwe ofisi ya kijiji. Pili, nauli za mchana na za usiku zikubaliwe katika mkutano wa kijiji na kubandikwa hadharani. Ya usiku izidi, kwani ni haki ya dereva, ila iwe na mpaka. Tatu, madereva wapeane zamu za usiku. Nne, kaya zichangie mfuko mdogo wa kumlipa dereva papo hapo, na aliyehudumiwa arejeshe akipata nafuu. Tano, wenye pikipiki waandikiane mikataba na vijana wao, na hesabu ipunguzwe wakati wa mvua.

Hayo yakifanyika, mzee yule hatakuwa na haja ya kuuliza tena swali lake. Bei ya safari itakuwa inajulikana tangu mchana, na hofu haitakuwa na mnunuzi wala muuzaji. Mwenyezi Mungu atuwafikishe.