Nambari Ndogo, Kishindo Kikubwa: Kusoma Kumbukumbu za Swichi

Kambu iko kando ya barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, na nyaya za faiba kutoka pwani hufuata ukanda huohuo. Hata hivyo, mtandao wa shule au zahanati ukikatika hapo, si lazima kosa liwe kwenye faiba. Huenda liko kwenye swichi iliyo kabatini, na swichi hiyo imeshaandika kilichotokea.

Chukua mstari mmoja wa swichi ya Cisco: LINK-3-UPDOWN, ukifuatwa na jina la poti. Neno la kwanza hutaja sehemu iliyoguswa, nambari hutaja uzito, na la mwisho hutaja tukio. Uzito huanzia 0 hadi 7, na kadiri nambari inavyopungua ndivyo jambo linavyokuwa zito: 0 ni mfumo usiotumika tena, 7 ni maelezo madogomadogo ya uchunguzi. Utaratibu huu umetokana na syslog, aliyoibuni Eric Allman miaka ya 1980.

Hapo ndipo wengi hupotea. LINK-3-UPDOWN huhesabiwa kuwa hitilafu, ilhali huandikwa hata karani anapozima kompyuta yake jioni. MACFLAP_NOTIF yenye uzito wa 4 ni onyo tu, lakini inasema anwani ya kifaa kimoja inaonekana mara poti hii, mara ile. Kifaa kikiwa simu inayohama kati ya vituo viwili vya Wi-Fi, hakuna neno. Kebo ikiwa imefunga mzunguko kati ya swichi, data itazunguka bila kikomo na ofisi nzima itasimama. Mtengenezaji alipanga uzito bila kujua poti ipi ni ya karani na ipi ni ya seva. Wewe unajua, kwa hiyo ipe kila poti jina.

Kisha kuna saa, jambo ambalo naliona kubwa kuliko nambari zenyewe. Stima ikipotea, kumbukumbu zilizo kwenye RAM hufutika, na swichi nyingi za Cisco huamka zikidhani ni Machi 1, 1993. Nyota kabla ya tarehe huonya kwamba saa hiyo haiaminiki. Hata saa ikirekebishwa kwa NTP, yaani kupitia mtandao, swichi isipoambiwa iko Kenya huandika UTC, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu: tukio la saa nane mchana husomeka 11:00, na fundi hulitafuta saa tano asubuhi.

Kabla ya kununua swichi nyingine, rekebisha saa ya hii uliyo nayo, na uielekeze itume kumbukumbu zake kwenye kompyuta nyingine isiyozimika nayo.