Ujumbe Utangulie Maji: Mitandao ya Meshi kwa Uvira na Mwambao wa Tanganyika

Mtandao wa meshi ni mtandao wa mawasiliano usiotegemea mnara mkuu. Kila kifaa kilichomo hupokea ujumbe na kuupitisha kwa kifaa kilicho jirani, nacho hufanya vivyo hivyo, hadi umfikie anayesubiri. Kifaa kimoja kikizimika, ujumbe hutafuta njia kwa majirani waliobaki. Simu ya kawaida haifanyi hivyo. Mjini Uvira, mtu wa mtaa wa Kalundu akimpigia ndugu yake wa mtaa wa Kavimvira, sauti yake hupanda mnara wa kampuni, huenda kwenye mitambo ya mji mwingine, kisha hurudi Uvira. Umeme ukikatika mnarani, au laini ya kuelekea mji ule mwingine ikifa, majirani wa avenyu moja hawapatani tena, hata kama simu zao zimejaa chaji.

Uvira, mashariki mwa Kongo, ni mji ambao hali hiyo inaweza kuua watu. Umejibana kwenye ukanda mwembamba wa ardhi, Ziwa Tanganyika upande wa mashariki na milima ya Mitumba upande wa magharibi. Kutoka ziwani, kwenye kimo cha mita 775 hivi, milima hupanda kupita mita 2,000 ndani ya kilomita chache tu. Mito ya Mulongwe, Kalimabenge na Kavimvira huteremka miteremko hiyo mikali na kuukata mji vipande kabla ya kuingia ziwani. Maji ya mvua kubwa inayonyesha juu mlimani huweza kufika mjini kwa muda mfupi mno, yakiwa yamebeba matope, mawe na miti, huku watu wa chini wakiwa hawajaona hata tone.

Ndivyo ilivyokuwa katikati ya Aprili 2020. Mulongwe ulivunja kingo zake, ukabomoa nyumba kwa maelfu na kuua watu zaidi ya 40. Makumi ya maelfu wakabaki bila makao. Mitambo ya Regideso, shirika la maji, iliharibika, na mji ambao kipindupindu hakijawahi kuuacha kwa muda mrefu ukakosa maji safi. Baadaye ziwa lenyewe likapanda: mwaka 2024 lilikaribia kimo cha miaka ya 1960, likaingia katika nyumba za mwambao upande wa Kongo na wa Burundi. Kaskazini, kando ya Ziwa Kivu, mafuriko ya Mei 4, 2023 yalizikumba Bushushu na Nyamukubi katika wilaya ya Kalehe na kuua watu zaidi ya 400. Ilikuwa Alhamisi, siku ya soko la Nyamukubi.

Kisa kinachofundisha zaidi ni cha Kasaba. Usiku wa kuamkia Mei 9, 2025, maji kutoka milimani yalikifagia kijiji hicho cha mwambao katika wilaya ya Fizi watu wakiwa wamelala, na viongozi wa eneo walitangaza vifo zaidi ya 100. Kasaba hufikiwa kwa njia ya ziwa, na hakina mtandao wa simu. Kwa hiyo tahadhari haikuwa na njia ya kuingia, wala kilio cha kuomba msaada hakikuwa na njia ya kutoka isipokuwa kwa boti. Kampuni za simu hujenga minara penye wateja wengi wenye pesa ya vocha. Kijiji cha wavuvi chini ya mlima kitasubiri sana.

Kwa mahali pa namna hii, watu wengi wakisikia neno mtandao hufikiria intaneti. Huo ni mwanzo mbaya. Kinachohitajika kwanza ni ujumbe mfupi wa maneno saba, "Mulongwe umejaa, maji ya matope, ondokeni kingoni", utoke kwa mtu aliye juu uende kwa mtu aliye chini kwa kasi kuliko maji. Ujumbe huo hauhitaji picha, video wala sauti, na teknolojia inayoweza kuubeba ni rahisi kuliko watu wanavyodhani.

Teknolojia hiyo ni redio ndogo za LoRa, zinazotumia mawimbi ya chini ya gigahezi moja. Redio hizi huenda polepole sana. Katika mipangilio ya masafa marefu hupitisha takriban biti elfu moja kwa sekunde, wakati Wi-Fi hupitisha mamilioni. Badala ya kasi, zina umbali: bila kizuizi mbele yake, redio yenye nguvu ndogo kuliko balbu ya tochi husikika kilomita kumi na zaidi. Programu huria ya Meshtastic, iliyoanzishwa mwaka 2020, huzigeuza redio hizo kuwa mtandao wa meshi. Mtumiaji huunganisha simu yake na redio kwa Bluetooth, huandika ujumbe usiozidi herufi 200 hivi, na redio huurusha. Kwa kawaida ujumbe hurushwa upya kwa hatua zisizozidi tatu njiani, na mpangilio unaweza kuongezwa hadi saba. Hakuna kadi ya simu wala vocha. Kifaa kimoja huuzwa kwa dola 20 hadi 50 kabla ya usafiri na forodha.

Adui wa mawimbi haya ni kilima na mviringo wa dunia. Antena iliyo mita 2 juu ya maji huona upeo wa ziwa kwa kilomita 5 tu. Ikipandishwa hadi mita 25, huona kilomita 18. Ikiwa mita 100, huona 36. Kituo kilichowekwa mlimani, mita 800 juu ya ziwa, kina upeo wa kilomita 100. Hapa jiografia iliyo adui wa Uvira wakati wa mvua inakuwa rafiki yake: mlima uleule unaoshusha maji ndio mnara ambao hakuna aliyelipia ujenzi wake. Kituo kimoja kwenye mteremko mzuri kinaweza kuuona mji wote, sehemu ya uwanda wa Ruzizi kuelekea Kiliba, na vijiji vya kusini kuelekea Makobola na Mboko. Mwambao unapojipinda na milima kuingia ziwani, mawimbi hukatika na kituo kingine kinahitajika. Kwa sababu hiyo mlolongo wa kufika Baraka na vijiji vya Fizi hupangwa kwa kupanda na kutazama kwa macho. Ramani peke yake haitoshi, na mahesabu ya kompyuta hayaoni mwembe ulioota mbele ya antena.

Uchaguzi wa mahali una sharti lingine. Kituo cha mlimani kisiwekwe kileleni pasipo watu. Kiwekwe penye kijiji, shule au zahanati, ambapo kuna mtu wa kukitazama na mwenye sababu ya kukipenda. Huko ndiko anakoishi yule anayeona mto ukibadilika rangi. Kipimo cha kimo cha maji kinaweza kufungwa juu ya daraja na kutuma taarifa chenyewe, na ni kitu kizuri kuwa nacho, lakini mafuriko ya milimani huvibeba vipimo pamoja na madaraja. Mkulima wa juu, mwenye redio ndogo na aliyezoezwa, hatabebwa kirahisi hivyo.

Aina ya pili ya meshi ni ile ya Wi-Fi, nayo inafaa ndani ya mji. Ruta za kawaida huwekwa programu huria ya OpenWrt pamoja na itifaki kama batman-adv, iliyobuniwa na jumuiya ya Freifunk ya Ujerumani, zikafungwa juu ya mapaa ya vituo vya afya, makanisa, misikiti na shule. Kila paa linaonana na paa jingine. Mtu aliye karibu hujiunga kwa simu yake ileile na kufungua ukurasa ulio kwenye seva ndogo ya mjini: orodha ya waliopotea na waliopatikana, mahali penye maji safi, vituo vya kipindupindu vilivyo wazi, hata Wikipedia nzima iliyohifadhiwa bila intaneti. Seva ikiwa Uvira, kukatika kwa laini ya nje hakuigusi. Kasoro yake ni kwamba ruta yenye redio moja hupoteza karibu nusu ya kasi kila ujumbe unaporuka kituo kimoja, na kwamba juu ya maji mawimbi huakisiwa na kujigonga yenyewe. Kiungo cha Wi-Fi kinachovuka ziwa hutaka antena za mwelekeo mmoja, zilizoinuliwa na kulengwa kwa uangalifu.

Haya yamekwisha kufanyika jirani. Huko Bukavu, kundi la Mesh Bukavu lilijenga mtandao wa aina hii. Kisiwani Idjwi, katikati ya Ziwa Kivu, Pamoja Net ilijengwa kwa msukumo wa Mwami, yaani chifu wa jadi wa eneo, na shirika la Ensemble pour la Différence, kisiwani ambako umeme wa gridi haukuwepo. Kaskazini mwa Uganda, tangu mwaka 2007, BOSCO Uganda iliunganisha kambi za waliokimbia vita kuzunguka Gulu kwa Wi-Fi ya masafa marefu na umeme wa jua. Mtaani Kibera, Nairobi, TunapandaNET imeunganisha shule na vituo vya vijana. Mbali zaidi, mtaa wa Red Hook mjini New York ulikuwa na meshi yake kabla kimbunga Sandy hakijaupiga Oktoba 2012. Mawasiliano ya kawaida yalipokufa, wakazi waliutumia mtandao huo na waokoaji wakauunganisha na setelaiti. Mtandao wa Red Hook ulisaidia kwa sababu watu walikuwa wameshauzoea siku za kawaida. Vifaa vilivyofungiwa stoo vikisubiri maafa huwa na betri zilizokufa na nywila isiyojulikana na mtu.

Umeme ndio sehemu inayoua miradi mingi, na hesabu yake si ngumu. Ruta inayokula wati 6 mchana na usiku inahitaji wati-saa 144 kwa siku. Paneli ya jua ya wati 60 yatosha, lakini mvua hufunika jua siku zilezile mtandao unapohitajika, hivyo betri lazima istahimili siku mbili za mawingu: ya volti 12 na ampea-saa 50 hivi, ili isishuke chini ya nusu. Redio ya LoRa yenye chipu ya kubana umeme hutumia sehemu ndogo mno ya kiasi hicho. Betri moja ya tochi inayochajiwa huiendesha kwa wiki. Tofauti hii peke yake inatosha kuamua nini kitangulie kwenye mwambao.

Radi nayo isisahauliwe. Utafiti wa mwaka 2016 uliotumia vipimo vya setelaiti uliiweka Kabare, hapohapo Kivu Kusini, nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela. Antena iliyoinuliwa juu ya paa la bati bila waya wa kuishusha radi ardhini ni hatari kwa nyumba na waliomo. Waya huo uwe mnene, mfupi na ulionyooka, ufungwe kwenye nondo iliyozikwa penye udongo wenye unyevu.

Kuhusu watu, Kongo ya mashariki haianzi sifuri. Foni, ile redio ya mawimbi mafupi ya parokia, misheni na hospitali, imeunganisha vijiji kwa miaka mingi, nayo bado ndiyo inayofika mbali kuliko vyote. Kituo cha meshi kikiwekwa chumba kimoja na foni, habari ya Mboko inaweza kuvuka hadi Bukavu kwa sauti ya mpokezi mmoja. Redio za mtaani huifikisha kwa wasio na simu. Wajitolea wa Msalaba Mwekundu na wahudumu wa afya wa jamii wanazijua nyumba za wazee na wagonjwa, na mashefu wa kata wana filimbi na vipaza sauti. Mtandao unafika kwa watu hao tu. Nyumba ya mwisho hufikiwa kwa miguu.

Kwa hiyo ni lazima ijulikane mapema nani ana haki ya kutuma tahadhari, kwa maneno gani, na nani anathibitisha. Tahadhari mbili za uongo zinatosha kuwafanya watu walale usiku wa tatu. Zoezi lifanywe kila mwezi, kwa ujumbe ulioandikwa wazi kuwa ni zoezi.

Suala gumu kuliko yote ni usalama. Uvira na milima yake vimejaa silaha, na Desemba 2025 vita viliingia mjini. Mtu anayekamatwa na antena asiyoweza kuieleza anaweza kuitwa jasusi na upande wowote. Sheria ya mawasiliano ya Novemba 25, 2020 inaweka masafa ya redio chini ya mamlaka ya usimamizi, ARPTC, na ruhusa yake iombwe kabla ya kununua vifaa, kwa kuwa redio za LoRa huuzwa za masafa tofauti na zisizolingana haziongei. Vituo viwe mahali pa wazi penye kibao, mikononi mwa zoni ya afya na Msalaba Mwekundu, na visibebe habari za askari au za mienendo ya watu wenye silaha. Kipengele cha Meshtastic cha kutangaza mahali alipo mtumiaji kizimwe kwa kila redio inayobebwa. Ujumbe husimbwa, lakini asili ya mawimbi yenyewe inaweza kutafutwa na mwenye vyombo.

Kenya tayari ina leseni maalumu ya mitandao ya mawasiliano inayoendeshwa na jamii zenyewe, iliyoanzishwa mwaka 2021. Kongo ingefaidika na ngazi kama hiyo, yenye ada ambayo kijiji kinaweza kulipa. Hilo litachukua muda, na mito haisubiri. Bonde la Mulongwe linaweza kuanza na redio zisizofika kumi: mbili au tatu juu mlimani, moja kwenye mteremko unaouona mji, zilizobaki kwa mashefu wa kata, kituo cha afya na ofisi ya mji. Zoni ya afya, Msalaba Mwekundu na uongozi wa mji wakiketi pamoja sasa, kiangazi kimoja kinatosha kuufunga na kuujaribu mlolongo huo kabla mvua za Septemba hazijaanza.